Saratani changa ya puru ikitolewa kwa njia ya chini: namna ya kuamua, kutunza kinyama na kufuatilia ukiwa Kigoma

Mgonjwa akiambiwa kwamba uvimbe wake wa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, "ni mdogo, utatolewa kwa chini bila kupasua tumbo", ukoo mzima hushusha pumzi. Hakuna mfuko wa kinyesi tumboni, hakuna kulazwa muda mrefu, na wengi hurudi nyumbani ndani ya siku mbili tatu. Nafuu hiyo ni ya kweli. Lakini upasuaji huu, unaopitia tundu la haja kubwa, hutoa uvimbe peke yake. Tezi za limfu, vifundo vidogo vya kinga ya mwili, zilizolala kwenye mafuta yanayoizunguka puru hubaki pale pale. Kama saratani ilishafika kwenye tezi hata moja, kidonda kitapona vizuri na ugonjwa utaendelea kukua nyuma yake.

Kwa hiyo matokeo huamuliwa na mambo matatu zaidi ya kisu chenyewe: uvimbe uliochaguliwa, kinyama (kipande kilichokatwa) kilichofika salama mbele ya mwanapatholojia, daktari anayekisoma kwa hadubini, na mgonjwa anayerudi kuangaliwa kwa miaka mitano. Mwongozo huu ni wa mgonjwa na ndugu wanaomsindikiza. Sehemu ya kinyama tumewaandikia zaidi matabibu na wauguzi wa chumba cha upasuaji, ila ndugu nao waisome, maana mara nyingi wao ndio hupewa chombo mkononi wakipeleke maabara.

Damu chooni na kipimo cha kidole

Mwambao wa Ziwa Tanganyika, damu ya choo hupewa majina mengi kabla haijaitwa saratani: bawasiri, amiba, kichocho cha tumbo. Yote hayo yapo kweli, na kichocho cha tumbo huweza hata kuotesha vinyama ndani ya utumbo. Kosa ni kutibu jina bila kumpima mtu. Kama amekunywa praziquantel, dawa ya kichocho, au ametumia dawa ya bawasiri, na damu haijakata au imerudi, au anahisi haja haijaisha kila anapotoka chooni, aombe kipimo cha kidole. Huchukua dakika moja. Kinahitaji glavu, jeli na faragha, basi. Mzee akiona haya, aombe tabibu wa jinsia yake. Ombi hilo si la aibu na hakuna tabibu wa maana atakayelikasirikia.

Kidole hufika sentimita 7 au 8 juu ya tundu la haja kubwa, na puru ina urefu wa kama sentimita 15, hivyo uvimbe mwingi wa chini hugusika. Tabibu anayejua kazi yake haandiki "kuna uvimbe" akaishia hapo. Huandika uko sentimita ngapi kutoka ukingo wa nje, umeshika sehemu gani ya mzunguko, unasogea ukisukumwa au umeganda, ni laini kote au una kipande kigumu. Uvimbe ulioganda haufai kutolewa kwa njia ya chini, hata uwe mdogo kama punje ya hindi.

Kuna mtego mmoja kwenye maelezo ya mahali. Madaktari huichora puru kama uso wa saa: namba 12 ni upande wa mbele, kwenye kibofu au uke, namba 6 ni nyuma, upande wa mkia. Sisi tukisema "saa sita", mshale mfupi uko kwenye namba 12. Mtu akiandika "uvimbe uko saa sita" na mwingine akausoma kwa saa za Kiingereza, mgonjwa atalazwa mkao wa kinyume mezani. Andikeni "namba 12 ya uso wa saa, mbele" au "namba 6, nyuma". Maneno yawe mawili kila mara, namba na upande.

Uvimbe upi unafaa

Ukuta wa puru una matabaka. Kwanza ni utando laini wa ndani, chini yake tabaka la nyuzi na mishipa midogo liitwalo submukosa, kisha msuli, kisha mafuta yenye tezi. Saratani iliyoishia submukosa huitwa T1. Iliyoingia kwenye msuli ni T2. Njia ya chini, ikitumika peke yake kwa nia ya kuponya, ni ya T1, na si kila T1.

Masharti yanayokubalika sehemu nyingi ni haya: uvimbe usizidi sentimita 3, usishike zaidi ya asilimia 30 ya mzunguko wa puru, uwe unasogea, seli zake ziwe za daraja la chini au la kati la ukali, na picha zisionyeshe tezi iliyovimba. Kwa upasuaji wa kawaida wa kupanua tundu na kukata kwa macho, uwe ndani ya sentimita 8 hivi kutoka nje. Uvimbe wa juu zaidi unahitaji darubini maalumu. Mojawapo ni ile aliyoibuni Mjerumani Gerhard Buess mwanzoni mwa miaka ya 1980, bomba lenye kipenyo cha sentimita 4 linalojazwa hewa ya kaboni dioksidi ili puru ipanuke. Nyingine ni njia iliyokuja 2009, inayotumia kamera na vifaa vya matundu madogo kupitia mlango mmoja laini uliowekwa kwenye tundu la haja kubwa. Faida ya vifaa hivi ni kwamba daktari anaona vizuri, hivyo hukata kipande kizima chenye kingo safi mara nyingi zaidi. Uliza kama vipo huko unakopelekwa, na aliyekushika amefanya mara ngapi.

Vipimo vya kufanya kabla ya uamuzi ni kolonoskopi, yaani kamera ndefu ya kutazama utumbo mpana wote (mtu mmoja anaweza kuwa na uvimbe wa pili juu zaidi), kinyama cha maabara (punje ndogo inayochotwa kwenye uvimbe), picha za MRI ya nyonga na CT ya kifua na tumbo, na kipimo cha damu cha CEA, protini ambayo saratani hii huweza kuipandisha. Ultrasaundi inayoingizwa ndani ya puru, ikiwepo, hutofautisha T1 na T2 vizuri kuliko MRI. MRI nayo ni hodari kwa tezi na kwa uvimbe uliozama. MRI ifanyike kabla ya kinyama ikiwezekana, maana jeraha la kinyama huvimba na kuipotosha picha.

Kinyama cha kwanza kikirudi na majibu kwamba hakuna saratani, lakini kidole kinagusa kipande kigumu, kiaminini kidole. Koleo ndogo huchota juu juu, na saratani huweza kuwa imejificha chini yake. Kosa baya zaidi katika hatua hii ni uvimbe unaotiliwa shaka kukatwa vipande vipande "ili kupunguza". Ukishavunjwa, hakuna mwanapatholojia atakayeweza kusema kingo zilikuwa safi, na mgonjwa amepoteza nafasi yake ya kupata jibu la uhakika.

Hesabu zenyewe

Tezi kwanza. Wanapatholojia huigawa submukosa katika theluthi tatu. Katika uchunguzi wa Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa 2002, saratani ya T1 ya utumbo mpana na puru iliyoishia theluthi ya juu ilikuwa imefika kwenye tezi kwa watu kama 3 kati ya 100. Theluthi ya kati, 8. Theluthi ya chini, 23. Zote hizo huitwa T1, na zote zinaweza kuonekana "ndogo" kwa macho. Ndiyo sababu neno T1 peke yake halitoshi.

Sasa kurudi kwa ugonjwa. Takwimu za hifadhi ya taifa ya saratani ya Marekani, za wagonjwa wa 1994 hadi 1996, zilizochapishwa 2007, zilipima ugonjwa uliorudi mahali pale pale ndani ya miaka mitano. Kwa T1, ulirudi kwa watu 12 au 13 kati ya 100 waliotolewa kwa njia ya chini, na 7 kati ya 100 waliofanyiwa upasuaji mkubwa, ule wa kutoa puru kupitia tumbo. Kwa T2, 22 dhidi ya 15. Madhara ndani ya siku 30 yalikuwa kinyume: kama 6 kati ya 100 kwa njia ya chini, na 15 kwa upasuaji mkubwa. Wengi wa wagonjwa hao walifanyiwa kwa vifaa vya zamani, na uchaguzi wao haukuwa mkali kama wa leo. Mwelekeo wenyewe ndio wa kushika. Unabadilisha hatari ya leo kwa hatari ya kesho.

Upasuaji mkubwa nao una bei yake. Tumbo hufunguliwa, au huingiwa kwa kamera, puru hutolewa pamoja na mafuta yake yote na tezi zake. Mara nyingi mfuko wa kinyesi huwekwa kwa miezi kadhaa, na uvimbe ukiwa chini sana mfuko huwa wa kudumu. Maungio ya utumbo huvuja kwa mtu kama 1 kati ya 10. Baadaye wengi huenda chooni mara nyingi kwa siku, na mishipa ya fahamu ya mkojo na ya unyumba inaweza kuguswa. Kwa bibi wa miaka 82 mwenye moyo dhaifu, njia ya chini inaweza kuwa bora hata kama uvimbe wake haukutimiza masharti yote. Kwa mkulima wa miaka 45 mwenye afya, ambaye tabaka la chini la submukosa limeingiwa, sisi tungemshauri upasuaji mkubwa bila kusita.

Safari kumi na nne

Jambo hili halisemwi vya kutosha kliniki. Aliyetolewa uvimbe kwa njia ya chini anatakiwa kuangaliwa kila miezi 3 kwa miaka 2 ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. Jumlisha: mara 8, kisha mara 6. Ni mahudhurio 14. Ugonjwa uliorudi ukikamatwa mapema, wengi bado hupasuliwa kwa nia ya kuponya. Ukikamatwa kwa maumivu na kukonda, mara nyingi umeshachelewa.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, familia ikae ipige hesabu hiyo kama inavyopiga ya mahari au ya ada. Kutoka Kigoma kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni siku nzima ya basi kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam, ambako watu hufika kwa basi, kwa ndege au kwa treni ya Reli ya Kati kupitia Tabora. Mwulizeni daktari aliyewapasua ni mahudhurio yapi yanaweza kufanyika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, kwa barua yake ya maelekezo, na yapi lazima yafanyike kwake. Kipimo cha kidole na cha bomba fupi la puru huweza kufanywa na daktari wa upasuaji aliye karibu. MRI na kolonoskopi ndizo za kupangia safari. Mkigawana hivyo, safari ndefu zinaweza kupungua hadi tano au sita.

Kama mgonjwa ni mvuvi wa dagaa anayehama kambi, au anaishi Uvinza ndani ndani na hana wa kumsindikiza, mwambieni daktari ukweli huo mapema. Ni taarifa ya kitabibu kama ilivyo presha. Mtu ambaye kwa hakika hatarudi anafaidika zaidi na upasuaji unaotoa tezi zake zote siku hiyo hiyo, mwili ukimruhusu.

Siku ya upasuaji

Hapa tutapita haraka. Mgonjwa aseme dawa zote anazotumia, hasa aspirini, warfarini na dawa za mitishamba. Utumbo husafishwa kwa enema (maji yanayoingizwa kupitia tundu la haja kubwa) au dawa ya kuharisha. Antibayotiki hutolewa ndani ya saa moja kabla ya kukata. Ganzi ya mgongo hutosha kwa wengi. Uvimbe wa nyuma hupasuliwa mgonjwa akiwa chali, miguu juu. Uvimbe wa mbele, akiwa kifudifudi. Ndiyo maana tulisisitiza uso wa saa.

Daktari huweka vidoti vya moto wa umeme kuzunguka uvimbe, sentimita 1 nje ya ukingo wake, kabla hajakata, kwa sababu nyama ikishavutwa huwezi tena kukadiria umbali. Kisha hukata ukuta wote wa puru mpaka aone mafuta ya manjano. Hiyo rangi ya manjano ndiyo dalili kwamba amepita msuli wote. Kitanda cha jeraha huoshwa na, mara nyingi, hufungwa kwa uzi unaoyeyuka, kwa kulala upande kwa upande ili njia isibanwe. Kabla ya kumaliza hupitisha bomba kuhakikisha puru haikushonwa ikazibwa. Uvimbe wa juu upande wa mbele ukikatwa, tundu linaweza kuingia ndani ya tumbo. Likitokea, hushonwa papo hapo, na mgonjwa aelezwe kabla kwamba tumbo huenda likafunguliwa.

Kinyama: nusu saa inayoamua miaka mitano

Kipande kilichotoka kina ukubwa wa sentimita 4 au 5, chembamba, na ndani ya dakika chache hujikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Kikitupwa hivyo kwenye chupa, kingo hugeukia ndani na kuganda. Mwanapatholojia akija kukikata, hawezi kujua ukingo ni upi na kitako ni kipi. Majibu yatasema "kingo hazitathminiki", na kwa mgonjwa jibu hilo ni sawa na kingo chafu.

Tayarisheni vitu hivi kabla mgonjwa hajaingia: kipande cha kizibo au cha foamu ngumu nyeupe ile inayofungia televisheni, kimekatwa kikubwa kuliko kinyama, pini nyembamba zisizo na kutu, 12 hadi 16, chombo chenye mdomo mpana na mfuniko wa kubana, na fomalini ya asilimia 10. Kama mnayo ile kali ya dukani, yaani fomaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40, changanyeni sehemu 1 na maji sehemu 9: mililita 100 kwa mililita 900. Hapa watu wengi hukosea. "Fomalini ya asilimia 10" ni sehemu moja ya hiyo kali ndani ya sehemu kumi za mchanganyiko. Wasioijua hesabu hii huipunguza mara mbili, ikawa maji tu, na kinyama kikaoza njiani.

Daktari mwenyewe, kabla hajavua glavu, akilaze kinyama utando wa ndani ukitazama juu. Apige pini kwenye ukingo kabisa, si kwenye uvimbe, kila baada ya sentimita 1, akikinyoosha mpaka kirudi ukubwa wake wa mwilini. Asikivute kupita hapo, maana kingo zikivutwa zinaonekana pana kuliko zilivyokuwa. Pembeni ya kinyama, juu ya foamu, aandike kwa penseli: JUU, CHINI, KULIA, KUSHOTO. Wino wa kalamu hufutika kwenye fomalini, penseli haifutiki.

Foamu huelea. Kwa hiyo igeuzeni, kinyama kitazame chini ndani ya dawa. Tumeona vyombo vilivyofika maabara kinyama kikiwa juu, kimekauka kama ngozi ya ngoma, dawa yote iko chini yake. Kiasi cha fomalini kiwe mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Msitumie maji ya chumvi, spiriti wala friji. Kiache saa 24 hadi 48 kabla ya kukatwa, na andikeni saa kilipoingia.

Lebo ibandikwe kwenye mwili wa chombo. Mfuniko hufunguliwa, huchanganywa na mwingine, na jina linahama na mgonjwa mwingine. Fomu ya maombi iseme umri, mahali pa uvimbe, majibu ya kinyama cha kwanza, kama mgonjwa alishapata mionzi, na swali lenyewe: kina kimefika wapi, kingo zina milimita ngapi.

Ndugu mkikabidhiwa chombo kwenda nacho Mwanza, fungeni mfuniko kwa plasta, kitieni ndani ya mifuko miwili, kisimame wima ndani ya ndoo, na kikae mbali na chakula na watoto. Fomalini ni sumu, mvuke wake huchoma macho. Ikiruka jichoni, osheni kwa maji safi dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali. Pigeni picha ya fomu kwa simu kabla hamjaondoka. Karatasi hupotea Nyakanazi. Picha mtabaki nayo.

Kusoma majibu

Majibu ya patholojia ni mali ya mgonjwa. Ombeni nakala, na mtafute haya: T ni ya ngapi, seli ni za daraja gani, submukosa imeingiwa theluthi ipi au mikromita (sehemu za elfu za milimita) ngapi, kuna saratani ndani ya mishipa ya limfu au ya damu, inafuata mishipa ya fahamu, kuna vichipukizi, yaani vikundi vidogo vya seli za saratani vilivyojitenga, mbele ya uvimbe, ukingo wa pembeni na wa chini una milimita ngapi. Kukosekana kwa mojawapo hakumaanishi "hakuna". Kunamaanisha hakukuandikwa, na daktari anaweza kumwomba mwanapatholojia aangalie tena vioo vyake, vile vyenye vipande vyembamba vya kinyama.

Kama ni T1 ya juu juu, seli si kali, mishipa ni mitupu, na ukingo umezidi milimita 1, upasuaji umetosha. Ingieni kwenye ratiba ya ufuatiliaji.

Kama ni T2, au theluthi ya chini, au seli kali, au saratani imo ndani ya mishipa, au ukingo ni chini ya milimita 1, kazi haijaisha. Hii ndiyo saa ngumu kuliko zote, kwa sababu mgonjwa anajisikia mzima, amekula ugali na migebuka, anatembea, halafu anaambiwa arudi kupasuliwa tumbo. Wengi hukataa hapo. Waelezwe taratibu, na mwenza wake akiwepo: upasuaji mkubwa ukifanyika ndani ya wiki chache baada ya majibu, matokeo yake ya saratani hukaribiana na ya mtu aliyefanyiwa huo tangu mwanzo. Ukisubiriwa mpaka ugonjwa urudi, sivyo. Ni kweli kovu la kwanza huufanya upasuaji wa pili kuwa mgumu zaidi, na hilo nalo daktari aliseme wazi.

Asiyeweza kupasuliwa huweza kupewa mionzi pamoja na vidonge vya kemo, kwa kawaida mizunguko 25 hadi 28, siku tano kwa wiki. Ni wiki tano au sita za kukaa mjini, kwa hiyo tafuteni pa kulala kabla ya siku ya kwanza. Mionzi iliyokatizwa katikati kwa kukosa malazi hupoteza nguvu yake.

Siku za kwanza nyumbani

Choo kiwe laini: maji ya kutosha, papai, mboga, uji wa dona, na dawa ya kulainisha kama daktari ameandika. Pilipili na pombe visubiri. Kukalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni safi dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku na baada ya haja, hupunguza maumivu. Usitie dettol, chumvi nyingi wala majani ya dawa. Usiingize chochote ndani, hata enema, mpaka daktari aruhusu.

Damu kidogo kwenye karatasi ni kawaida, na kati ya siku ya 7 na ya 14 inaweza kuongezeka kidogo mishono inapoachia. Nenda hospitali usiku huo huo ikiwa damu ni ya kujaa kikombe au ina mabonge, homa imefika nyuzi 38, tumbo limekuwa gumu, mkojo haujatoka kwa saa 6 hadi 8, au mwanamke anaona hewa au kinyesi kikipitia ukeni. Mkojo kuziba hutokea zaidi kwa wanaume na hutatuliwa kwa mpira wa mkojo. Kuvumilia kunaumiza kibofu. Kushindwa kuzuia hewa au majimaji wiki za mwanzo hupungua kwa wengi kadiri msuli unavyorudi.

Kwenye kila hudhurio

Kuhudhuria ni zaidi ya kuulizwa "unaendeleaje". Kila mara lazima kovu ligusw​e kwa kidole na litazamwe kwa bomba. Kovu zuri ni laini, jeupe, tambarare. Kifundo kigumu chini ya kovu, hata kama juu pamepona vizuri, kinataka MRI na kinyama, kwa sababu ugonjwa ulioachwa kwenye mafuta hukua kutokea nje kwenda ndani. CEA hupimwa pamoja. Kolonoskopi nzima hufanywa baada ya mwaka mmoja, kisha kwa vipindi atakavyopanga daktari.

Nunueni daftari moja gumu la kudumu. Ukurasa wa kwanza uwe na nakala ya majibu ya patholojia na namba ya vioo vya maabara. Kila hudhurio liandikwe tarehe, kidole kimegusa nini, CEA ni ngapi, nani ameangalia, na tarehe ya kurudi. Daktari wa Maweni na wa Bugando wasiposomana kwenye simu, watasomana kwenye daftari hilo.

Ugonjwa ukirudi, hatua ni MRI, CT, kisha kikao cha madaktari wa upasuaji, mionzi na kemo wakae pamoja. Mara nyingi mionzi hutangulia na upasuaji mkubwa hufuata. Siku ya kupewa rufaa hiyo, pitieni maabara kwanza mkaombe vioo na vipande vya nta vilivyohifadhi kinyama cha zamani, msaini, mviweke kwenye boksi gumu lililojazwa pamba, na mvibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi.